Nani Mwenye Bahrain? Madai ya Kihistoria na Sauti ya Wenyeji



1. Utangulizi

Bahrain ni funguvisiwa la Ghuba ambalo eneo lake halifiki kilomita za mraba 1,000. Hata hivyo, tangu karne ya 16 limetawaliwa au kudaiwa na Wareno, Waajemi, Waomani na Wasaudi, na kwa zaidi ya miaka mia moja Waingereza waliliweka chini ya ulinzi wao. Lulu zake, bandari zake, na baadaye mafuta yake viliwavuta wote hao.

Hoja ya mada hii ni moja. Historia hutueleza nchi ilifikaje hapa ilipo, lakini peke yake haimpi yeyote hati ya kuimiliki, kwa sababu kila mdai huanza kuhesabu miaka pale panapomfaa. Mgogoro wa Bahrain ulipata ufumbuzi mwaka 1970, wenyeji walipoulizwa wanataka nini. Nitaeleza madai yalivyojengwa, ufumbuzi ulivyopatikana, na upungufu wa ufumbuzi huo.

2. Mfululizo wa watawala

Wareno waliiteka Bahrain mwaka 1521. Mwaka 1602 Waajemi wa ukoo wa Safavi, chini ya Shah Abbas, waliwafukuza. Mwaka 1717 Waomani wa ukoo wa Yaarubi waliitwaa, na mwaka 1736 ikarudi mikononi mwa Uajemi chini ya Nadir Shah. Baada ya hapo ilitawaliwa na masheikh Waarabu wa Bushehr, ukoo wa Al Madhkur, kwa jina la Uajemi. Mwaka 1783 ukoo wa Al Khalifa, wa kabila la Bani Utbah, ulivuka bahari kutoka Zubarah katika rasi ya Qatar ukawashinda. Ukoo huo ndio unaotawala hadi leo.

Ushindi huo haukuleta utulivu. Waomani waliivamia tena Bahrain mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1810 dola ya kwanza ya Wasaudi ikaishika kwa muda mfupi. Hapa historia ya Ghuba inakutana na yetu: Sayyid Said bin Sultan, ambaye baadaye alihamishia makao yake Unguja, aliishambulia Bahrain mwaka 1816 na tena mwaka 1828, na mara zote mbili alishindwa.

3. Hoja za wadai

Uajemi, yaani Iran ya leo, ilishikilia kwamba Bahrain ilikuwa yake kabla ya 1783, na kwamba uvamizi wa ukoo mmoja hauwezi kuifuta haki ya dola. Iliongeza kuwa masheikh wa Al Khalifa walikuwa wakiilipa kodi ya utii. Ilitaja pia makubaliano ya Shiraz ya mwaka 1822, ambamo mwakilishi wa Uingereza katika Ghuba, William Bruce, aliyakubali madai ya Uajemi. Serikali ya Waingereza ya Bombay iliyakana makubaliano hayo, na Shah naye hakuyaidhinisha.

Al Khalifa walijibu kwamba nchi ni ya anayeitawala kweli. Tangu 1783 wao ndio waliotoza ushuru, kuamua kesi na kuweka mikataba. Uingereza iliwaunga mkono kwa maslahi yake yenyewe: ililinda njia ya India, na kwa mikataba ya 1820, 1861, 1880 na 1892 iliufunga mkono wa sheikh hatua kwa hatua, hadi akawa hawezi kushughulika na dola nyingine bila ridhaa yake.

Iran haikunyamaza. Mwaka 1927, Uingereza ilipoitaja Bahrain katika Mkataba wa Jeddah iliouweka na mtawala wa Wasaudi, Ibn Saud, Iran ilipeleka malalamiko kwenye Shirikisho la Mataifa. Mafuta yalipopatikana mwaka 1932 mvutano uliongezeka, na mwaka 1957 serikali ya Iran iliitangaza Bahrain kuwa jimbo lake la 14.

4. Udhaifu wa ushahidi wa kale

Kodi ya utii ndiyo hoja inayohitaji kupimwa kwa uangalifu zaidi. Al Khalifa waliilipa Uajemi, wakawalipa Waomani, wakawalipa na Wasaudi, kila mara wakimlipa aliyekuwa tishio wakati huo. Karibu na mwaka 1860 mtawala wao, Sheikh Muhammad bin Khalifa, alijitangaza kuwa chini ya Uajemi, kisha akageukia Waturuki wa Osmani, ili tu kuukwepa mkono wa Waingereza. Kama kodi au bendera ingetosha kuwa hati ya umiliki, Bahrain ingekuwa na wenyewe wanne kwa wakati mmoja. Kwa mtawala mdogo aliyezungukwa na wakubwa, malipo hayo yalinunua amani ya msimu. Hayakuuza nchi.

Al Khalifa nao walitumia hoja ileile waliyoikataa. Waliendelea kuidai Zubarah, makao yao ya zamani, ingawa Qatar iliishika mwaka 1937. Kesi ilifika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na katika hukumu ya tarehe 16 Machi 2001 Zubarah ilithibitishwa kuwa ya Qatar. Visiwa vya Hawar vilibaki kuwa vya Bahrain, kwa msingi wa uamuzi wa Waingereza wa mwaka 1939. Asili ya ukoo haikutosha kuwapa Zubarah, kama vile kumbukumbu ya Safavi haikuipa Iran Bahrain.

5. Wenyeji waulizwa

Januari 1968 Uingereza ilitangaza kwamba ingeondoka Ghuba ifikapo mwisho wa 1971. Januari 1969, akiwa New Delhi, Shah wa Iran alisema hataitwaa Bahrain kwa nguvu, na kwamba atakubali matakwa ya wakazi wake. Kwa ombi la Iran na ridhaa ya Uingereza, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, U Thant, alimtuma Vittorio Winspeare Guicciardi. Kuanzia mwisho wa Machi 1970 mjumbe huyo alikaa Bahrain karibu wiki tatu, akizungumza na viongozi wa dini, mabaraza, vilabu na vyama, pamoja na raia wa kawaida.

Taarifa yake ilikuwa wazi: wengi mno walitaka dola huru yenye mamlaka kamili. Tarehe 11 Mei 1970 Baraza la Usalama liliipokea kwa kauli moja katika azimio namba 278, na Bunge la Iran likakubali mwezi huohuo. Agosti 1971 Bahrain ikawa huru. Waarabu wa Kishia waitwao Baharna, Waarabu wa Kisunni na wenye asili ya Uajemi waliingia katika dola mpya bila vita vya mipaka.

6. Upungufu na mafunzo

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo ilikuwa haki kuwauliza wanaoishi visiwani. Lakini njia iliyotumika ilikuwa na upungufu. Hapakuwa na sanduku la kura, na wengi waliosikilizwa walisema kwa niaba ya wengine. Sauti hiyo ilihitajika kuamua mipaka, ikasahauliwa mapema katika utawala: bunge lililochaguliwa Desemba 1973, kwa kura za wanaume pekee, lilivunjwa Agosti 1975. Mfano wa jirani ni mbaya zaidi. Tarehe 30 Novemba 1971 majeshi ya Iran yaliingia visiwa vya Ghuba vya Abu Musa na Tunb mbili, na wakazi hawakuulizwa. Mgogoro wa visiwa hivyo upo hadi leo.

Kwetu, Komoro inaongeza swali la nani ahesabiwe kuwa "wenyeji". Katika kura ya Desemba 1974, zaidi ya asilimia 90 ya Wakomoro waliopiga kura walitaka uhuru kutoka kwa Ufaransa, huku wengi wa kisiwa cha Mayotte wakiukataa. Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro kuwa nchi ya visiwa vinne. Ufaransa ilihesabu kisiwa kwa kisiwa, ikabaki na Mayotte.

7. Hitimisho na mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanahistoria tuonyeshe mfululizo mzima wa watawala, tusikate mwaka mmoja na kuuita mwanzo. Pili, kabla ya kura yoyote pande zote zikubaliane nani anahesabiwa na kwa njia gani. Tatu, wenyeji wanaoulizwa kuhusu mipaka waendelee kuulizwa kuhusu serikali yao.

Madai ya Bahrain hayajazikwa. Mwaka 2009 kauli ya mwanasiasa wa Iran kwamba visiwa hivyo viliwahi kuwa jimbo la 14 iliifanya Moroko kuvunja uhusiano na Iran. Kwa hiyo tunaofundisha na kuandika historia ya bahari hii tuna wajibu: tusimkabidhi mwanasiasa yeyote kipande cha historia akitumie kuwanyamazisha watu wanaoishi visiwani.