Maneno juu ya Mvua za Baridi na Ukame wa Cape Town



Leo twapenda kuwaelezeni habari za Cape Town, mji ulioko Afrika Kusini, kwa kuwa yaliyoupata ni fundisho kwa kila anywaye maji.

Huko mvua nyingi hunyesha wakati wa baridi, tangu Mei hata Agosti, nazo huletwa na pepo za magharibi zitokazo baharini. Mvua hizo ndizo zijazazo mabwawa, na maji yake ndiyo yatumiwayo wakati wa kiangazi. Basi mvua zilipungua miaka mitatu mfululizo, 2015, 2016 na 2017. Bwawa lililo kubwa kuliko yote, liitwalo Theewaterskloof, likabaki mchanga na matope sehemu kubwa. Tarehe 1 Februari 2018 ikaamriwa kwamba kila mtu asitumie zaidi ya lita 50 kwa siku, yaani madebe mawili na nusu, kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Ikakadiriwa hata siku ya kufunga mabomba ya nyumbani, ili watu wapange safu na kupewa lita 25 kila mmoja. Siku hiyo haikufika, kwani watu walijizuia, na mvua za mwaka ule zikanyesha.

Wataalamu waliochunguza jambo hili walieleza kwamba joto la dunia, liletwalo na moshi wa makaa na mafuta, limeufanya ukame wa namna ile uwe rahisi kutokea mara tatu kuliko zamani. Joto lizidipo, pepo zile za mvua huelekea kusogea kusini, zikaiacha nchi kavu. Lakini hewa yenye joto huchukua pia mvuke mwingi zaidi, hata mvua ijapo huweza kumwagika kwa nguvu. Ndivyo ilivyokuwa Juni na Septemba 2023, jimbo lile lile lilipopata mafuriko.

Kwa hiyo asiseme mtu, "Mvua zetu twazijua." Kumbukumbu za wazee ni hazina, lakini zahitaji kipimo. Walimu, wekeni kipimo cha mvua shuleni, mkaandike kila asubuhi saa ile ile, mwaka hata mwaka. Machifu, malambo na yazolewe matope wakati wa kiangazi, kabla ya mawingu kuonekana. Akiba haiozi.