Kabla Vidole Havijapinda
Hotuba kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili



Nitazungumzia mshipa mmoja wa fahamu, ule unaopita nyuma ya kiwiko upande wa ndani. Kila aliyewahi kugonga kiwiko mezani anaujua: mkono husisimka mpaka kidole cha mwisho.

Kiwikoni mshipa huo hupita katika njia nyembamba. Ukibanwa hapo, kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete hufa ganzi. Usipopata tiba, misuli ya kiganja hunyauka na vidole hupinda. Mkulima hushindwa kushika jembe, na mama hushindwa kufunga vifungo vya mtoto.

Wengine hubanwa kwa kukunja au kuegemea kiwiko muda mrefu, wengine kwa mfupa uliovunjika zamani. Kwetu ipo sababu nyingine, ukoma, ambao huvimbisha mshipa huu huu. Tanzania ilifikia mwaka 2006 lengo la kuwa na mgonjwa chini ya 1 kwa kila watu 10,000, lakini wagonjwa wapya bado wanagunduliwa. Ganzi ya ukoma ikitibiwa kwa prednisoloni kabla ya miezi 6 kupita, matumaini ya mkono kupona ni makubwa zaidi. Ndiyo maana hatuna muda wa kupoteza.

Hapa ndipo altrasaundi inapotusaidia. Haina mionzi wala sindano. Mtaalamu huuona mshipa na kupima unene wake. Ukizidi takribani milimita za mraba 10, hushuku tatizo. Akimwambia mgonjwa akunje mkono, huona kama mshipa unaruka juu ya mfupa, au kama kuna uvimbe unaoukandamiza. Katika ukoma, uvimbe mara nyingi huwa mkubwa zaidi juu kidogo ya kiwiko.

Hata hivyo, mashine haichukui nafasi ya mganga. Picha huonyesha umbo la mshipa, si nguvu zake. Mgonjwa mwenye picha nzuri anaweza kuwa na ganzi ya kweli, kwa hiyo lazima apimwe hisia na nguvu za vidole.

Ndugu wafadhili, hospitali nyingi tayari zina altrasaundi ya akina mama wajawazito. Kinachokosekana mara nyingi ni probu, yaani kile kipande kinachopitishwa juu ya ngozi. Probu ya tumbo hutumia megahezi 2 hadi 5. Huona mbali ndani ya mwili, lakini haioni vizuri kitu chembamba kilicho karibu na ngozi. Mshipa wa kiwiko unahitaji probu bapa ya megahezi 10 au zaidi, na mtu aliyefundishwa kuitumia. Basi kabla ya kununua mashine mpya, tuulize kwanza kama iliyopo inaweza kuongezewa probu, na nani atapelekwa mafunzo.

Nanyi wanakamati, kazi yenu haihitaji umeme. Mkimtembelea mtu mwenye ganzi ya kidole cha mwisho, au baka lisilo na hisia, msimwache aendelee kuchuliwa nyumbani mwezi baada ya mwezi. Mpelekeni kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Dawa za ukoma ni bure, na familia isimtenge.

Mashine itaona tu mkono uliofikishwa mbele yake. Kuufikisha ni kazi yetu sote.