Picha Ziende Uwanjani



Tumezoeshwa kuamini kwamba picha isiyo na mtu, mti wala ng'ombe ni ya wasomi tu, na kwamba mwananchi wa kawaida akiiona atacheka na kupita zake. Mohamed Melehi wa Morocco hakulikubali hilo hata kidogo.

Alizaliwa mwaka 1936 katika mji mdogo wa Asilah, kando ya Bahari ya Atlantiki. Alisomea uchoraji Hispania, Italia na Marekani, na mwaka 1963 kazi yake ilionyeshwa katika jumba kubwa la sanaa ya kisasa mjini New York. Mwingine angebaki huko huko. Yeye mwaka 1964 alirejea kufundisha katika shule ya sanaa ya Casablanca, chini ya Farid Belkahia. Wanafunzi wakaelekezwa kutazama mazulia, vito na dari za mbao zilizopakwa rangi. Maumbo matupu yalikuwa humo siku nyingi! Mfumaji wa kijijini aliyajua kabla Ulaya haijayapa jina.

Basi mwaka 1969 Melehi, Belkahia na wenzao wanne wakatundika picha zao nje, katika uwanja wa Jemaa el-Fna, Marrakech, wakiyapa kisogo maonyesho ya serikali. Hapo ni mahali pa wauza maji, wachezesha nyoka na wasimulizi wa hadithi. Hapakuwa na mlango wala kiingilio. Picha zilipigwa jua na vumbi, na wachoraji wakasimama kando yake wakijibu maswali ya wapita njia. Ni wasanii wangapi wangethubutu?

Baadaye Melehi akawa anachora mawimbi yake kwa rangi za kupakia magari, vitu vya gereji hasa. Mwaka 1978, pamoja na rafiki yake Mohamed Benaïssa, akawaita wachoraji Asilah wapake picha kwenye kuta za mji wa kale uliokuwa umechakaa. Ukarabati wa mji huo ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 1989. Lakini jamani, picha ya ukutani haiuziki, na mchoraji naye anakula!

Melehi alifariki Paris mwaka 2020 kwa ugonjwa wa korona. Picha zake za ubao hugombewa minadani London. Zile za kuta za Asilah huliwa na chumvi ya bahari, hupakwa chokaa, na mchoraji mwingine huanza upya.