Mstari wa Tahadhari na Barabara ya Rungwe



Ndugu wanaosubiri nje ya chumba cha leba huuliza neno moja: atajifungua salama? Mwaka 1954, huko New York, Emanuel Friedman alilitafutia jibu kwa kuchora kasi ya kufunguka kwa mlango wa kizazi. Mwaka 1972 Philpott na Castle, waliofanya kazi katika mji ambao leo ni Harare, wakaongeza mistari miwili: wa tahadhari, unaopanda sentimita moja kwa saa, na wa kuchukua hatua, uliosogezwa mbele kwa muda wa saa nne.

Nawaomba tuutazame vizuri muda huo. Uliwekwa kwa ajili ya barabara. Wakunga wa kliniki za pembezoni hawakuwa na chumba cha upasuaji, hivyo mama aliyevuka mstari wa kwanza alipaswa kuanza safari mapema, ili mstari wa pili umkute hospitali. Patografu, yaani chati hiyo yenye mistari miwili, ilianza kama chombo cha rufaa. Sasa mahali pengi hujazwa mtoto akiwa ameshazaliwa, ili faili lisionekane tupu, na jambo hilo linaniuma.

Halafu kuna mwendo wenyewe wa uchungu. Utafiti wa hospitali 13 za Nigeria na Uganda, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wanawake wengi waliojifungua salama walifunguka polepole kuliko sentimita moja kwa saa, hasa kabla ya kufika sentimita 5. Mstari wa tahadhari haukuweza kumtenga vizuri mama atakayepata madhara na yule atakayepona. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani, wa mwaka 2020, unahesabu uchungu kamili kuanzia sentimita 5. Maana yake kwa mkunga ni kubwa: mama anayekwenda taratibu, mtoto wake akiwa na mapigo mazuri, asikimbiziwe dripu ya uchungu wala kisu.

Kwa hiyo naamini utabiri peke yake hautatuokoa. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, mradi wa PartoMa uliwapa wahudumu mwongozo mfupi unaolingana na uwezo wao halisi, pamoja na mafunzo ya mara kwa mara. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000. Wakunga walikuwa wachache kama zamani. Walichobadilisha ni kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kuchukua hatua mapema.

Sasa turudi kwetu Rungwe. Mama wa zahanati ya mlimani huletwa hospitali ya Makandana, na akizidiwa hupelekwa hospitali ya Meta, Mbeya, kilomita 70 hivi, kutoka wilaya yenye mvua nyingi. Ningependa wakunga na wilaya tufungue daftari moja lenye safu tatu: saa mkunga alipoamua rufaa, saa gari lilipofika, saa upasuaji ulipoanza. Tukilijaza kwa uaminifu msimu mmoja wa mvua, tutajua mstari wa tahadhari wa kila zahanati ya Rungwe upite wapi.