Barabara ya Mlimani na Fedha Zake

Hotuba ya Kamati ya Barabara katika mkutano wa Mazinde, wakati wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama



Wenzetu waliotangulia wamesema juu ya maghala, mizani na hesabu za miaka kumi, na wamesema vizuri. Sisi tumeagizwa kusema juu ya kitu ambacho hakimo katika daftari la mali za Chama, wala hatuwezi kukitia kufuli usiku, nacho hutupunguzia mapato kila masika. Kitu hicho ni barabara.

Mahali tulipokutana pana habari yake. Wazee wetu wa Shambaai hawakupenda kukaa nyika, kwa kuogopa joto, homa na maadui. Na Wakilindi walikuwa na makao yao ya enzi Vuga, juu mlimani. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, alijenga hapa Mazinde, kwa kuwa misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipita bondeni, wala haikupanda Vuga. Aliyekaa njiani alipata bunduki na nguo, na aliyekaa mbali na njia akapungukiwa nguvu. Hatumsifu Semboja kwa vita vyake, maana viliwaumiza watu wengi. Twamtaja kwa sababu alitambua mapema jambo ambalo sisi wauza kabichi tunalitambua kila wiki.

Baada yake ikaja reli. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905, kisha ikapita hapa kuelekea Moshi. Na kabla ya Vita Kuu ya 1914, Wajerumani walitandika kamba ya chuma juu ya nguzo, kutoka msitu wa Shume mpaka Mkumbara, jirani yetu hapa, ili kuteremsha magogo ya mwangati yafike relini. Mashine ile ilikuwa ya ajabu kwa siku zile. Magogo yalishuka yakipita angani, na mkulima wa mlima uleule alishuka kwa miguu, kikapu kichwani. Tangu zamani, basi, njia za milima hii zimefuata mali ya mtu fulani. Lililo mbele yetu leo ni kuzifanya zifuate mali ya mkulima, nalo halitakuwa kwa kulalamika peke yake.

Hebu tuitazame hasara yenyewe, maana wengi huihesabu pungufu. Mkulima husema, "Barabara mbaya imeniongezea nauli." Ni kweli, lakini nauli ni sehemu ndogo. Kabichi na nyanya haziwezi kungoja. Mvua ikinyesha siku tatu, wenye malori wawili hugeuza chini ya mlima na mmoja hupanda. Na yule mmoja aliyepanda ndiye hupanga bei siku ile. Ndiye husema gunia lishonwe lumbesa, ingawa lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, na mwenye shamba hukubali, kwa kuwa akikataa mali itaozea kando ya njia. Mwaka mmoja mwenye lori aliziacha nyanya zetu kwenye kona yenye tope, akashuka na gari tupu, na hapakuwa na wa kumshitaki, maana hapakuwa na mapatano ya maandishi. Mizani yetu nzuri, ambayo wageni wameisifu asubuhi hii, haina nguvu mahali ambapo lori ni moja tu.

Na pale lori lisipofika kabisa, mzigo huchukuliwa na pikipiki, na pikipiki ikishindwa huchukuliwa na mwanamke. Wataalamu wa Shirika la Kazi la Kimataifa walipochunguza mambo ya usafiri Makete, katika miaka ya 1980, waliona kwamba sehemu kubwa ya safari na mizigo ya kaya ilikwenda kwa miguu, na kwamba mzigo mkubwa zaidi ulikuwa kichwani mwa wanawake. Hatudhani kwamba kwetu ni kinyume chake. Mama zetu waliomo humu ukumbini wanaweza kutusahihisha.

Sasa twaja kwenye shauri lililotoka katika mkutano uliopita. Wanachama wengi walisema, "Tuombe lami, kutoka bondeni mpaka kileleni, kama ile ya Mombo kwenda Soni na Lushoto." Kamati imelifikiri shauri hilo kwa muda mrefu, na imeona kwamba si njema kulifanya ombi letu la kwanza. Twaomba mtusikilize sababu zetu kabla ya kuguna.

Fedha za kutunza barabara hutoka hasa katika Mfuko wa Barabara. Kila mwenye pikipiki anaponunua lita moja ya petroli, amekwisha kuchangia Mfuko huo. Lakini sheria iliyourekebisha mwaka 1998 inataka si chini ya sehemu 90 katika kila 100 za fedha hizo zitumike kwa matengenezo, ndipo sehemu inayobaki iende kwenye ujenzi. Kazi ya barabara za wilaya ilikabidhiwa TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, mwaka 2017. Na mtandao wake umeandikwa kuwa zaidi ya kilomita 144,000. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo, na msaada huo ulikuwa mkubwa. Lakini zigawanyeni shilingi hizo kwa kilomita hizo, mtaona jinsi fungu la kila wilaya linavyokuwa dogo. Kilomita moja ya lami hula mamia ya mamilioni ya shilingi, na mlimani, penye kuta za mawe na makalavati mengi, huzidi. Fedha za lami hutoka katika bajeti ya maendeleo au katika mikopo. Mwaka huohuo wa 2021 Benki ya Dunia ilikubali mkopo wa dola milioni 300 kwa barabara za vijijini, nao ukaelekezwa katika wilaya chache tu. Katika Mkoa wetu wa Tanga ni Handeni iliyotajwa. Anayeomba lami ya mlima mzima anaingia katika foleni ndefu. Anayeomba matengenezo ya mahali pabovu anabisha mlango ambao fedha zake zimetengwa kwa kazi hiyohiyo.

Na tena, barabara yetu haikuharibika yote. Wajumbe wa Kamati waliipanda kwa miguu wakati wa masika, wakiwa na mafundi wawili, na jambo lililowashangaza ni kwamba sehemu kubwa yapitika. Hufungwa na mahali pachache: kona yenye chemchemi juu yake, kalavati lililoziba, na miinuko mikali yenye udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Lori likishindwa hapo, sehemu nzuri zote zilizobaki ni kama hazipo.

Kwa miinuko kama hiyo, changarawe ni fedha iliyotupwa, maana mvua huichukua yote ikaiacha mtoni. Katika Wilaya ya Siha, mkoani Kilimanjaro, barabara ya Lawate kwenda Kibongoto ilifanywa kuwa ya majaribio mwanzoni mwa miaka ya 2010, ikatiwa namna mbalimbali za sakafu. Mojawapo ni vipande viwili vya zege, kimoja chini ya magurudumu ya kulia na kimoja chini ya magurudumu ya kushoto, na katikati huachwa udongo au mawe. Zege hutumika kidogo, na gari hushika mwinuko hata siku ya mvua. Hili ndilo ambalo Kamati ingependa liombwe: zege kwenye miinuko, kalavati na mifereji kwenye maji, na kwingine udongo uliochongwa vizuri ili maji yateremke pembeni.

Wako waliosema Chama kinunue greda. Tunaheshimu mawazo yao, lakini greda hula dizeli na vipuri, na dereva hulipwa hata ikiwa imesimama. Na barabara ya udongo penye mteremko, ikikwanguliwa kila mwaka, huzama chini ya kingo zake mpaka inakuwa mto. Mmeziona njia za namna hiyo, nazo zilikwanguliwa kwa nia njema.

Kuomba kuna majira yake, kama kupanda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Barabara yetu huvunjika Machi na Aprili, nasi huandika barua Aprili, wakati Bunge limekwisha kukaa kusoma bajeti. Barua hiyo, hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu, imechelewa. Yafaa mahali pabovu paandikwe wakati wa mvua, na picha zipigwe, kisha jambo lipite katika mkutano wa kitongoji, mkutano mkuu wa kijiji na Kamati ya Maendeleo ya Kata, mihtasari ikiwa imetiwa sahihi, ili kufika Novemba liwe mezani mwa Halmashauri na kwa Meneja wa TARURA. Kadhalika, kila chama cha msingi kiulize kama njia yake imeorodheshwa katika mtandao wa wilaya. Njia isiyoorodheshwa, hata kama ilichimbwa na babu zetu, haipati senti ya Mfuko.

Tumesema ya Serikali. Sasa tuseme yetu. Maji yanayovunja barabara, mengi yake hutoka mashambani mwetu. Mtu huchimba mfereji wa kuokoa karoti zake, akauelekeza njiani, na jirani yake wa chini akapoteza lori. Twajua neno la matuta si tamu masikioni mwa watu wa milima hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya kikoloni ilianza mradi Mlalo, kisha ikaueneza Usambara, na matuta yakalimwa kwa amri na faini. Watu wakaukataa, ukakoma kabla ya Uhuru. Kuanzia mwaka 1981 mradi wa SECAP, kwa msaada wa Wajerumani, ulirudi na kazi iyo hiyo kwa mashauriano, na miti na majani yaliyopandwa kwenye kontua siku zile mengine yapo hata leo. Udongo ni uleule na mteremko ni uleule. Namna ya kuwaambia watu ndiyo iliyogeuka. Kwa hiyo Kamati haiombi faini. Yaomba kila chama cha msingi kikae na wenye mashamba ya kando ya njia, wapatane maji yatolewe wapi.

Wala hatuombi kazi ya bure. Nchini Kenya, katika mpango wa barabara za vijijini ulioanza mwaka 1974, kilomita karibu 8,000 zilitengenezwa kwa majembe na mikono ya watu waliolipwa mishahara. Kisha kila mmoja wa waliobaki alikabidhiwa kilomita moja au mbili karibu na nyumbani kwake, kuzibua mifereji siku chache za wiki, kwa malipo. Na kwetu sheria ya ununuzi wa umma imetenga sehemu 30 katika 100 kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Vikundi vya wanachama wetu vikijiandikisha, vyaweza kupata mikataba ya kufyeka na kuzibua katika barabara ambayo wenyewe huipita.

Kwa miezi ambayo hapana mkataba, Kamati yapendekeza fungu dogo la ziada ya Chama litengwe kuwalipa watunzaji. Twajua mtasema, "Tumekwisha lipa katika petroli, kwa nini tulipe tena?" Swali hilo ni la haki, wala hatuna jibu la kulifuta. Twasema tu kwamba mfereji ulioziba Machi huzibuliwa kwa jembe na nusu siku. Ukiachwa mpaka Mei hudai kalavati jipya, na kalavati hungoja Julai, pengine Julai ya mwaka wa pili. Hasara ya miezi hiyo hailipwi na Mfuko wowote.

Limebaki lililo gumu. Kazi ianzie wapi? Kamati imeona ianze chini, ipande. Zege likiwekwa juu na kona ya chini ikafungwa, lori halitafika kuliona. Maana yake ni kwamba ndugu zetu wa vijiji vya juu kabisa, ambao ndio huumia zaidi na ndio hulima zaidi, wataambiwa wangoje, huenda miaka mitatu au minne. Hatuwafichi. Kwa sababu hiyo twapendekeza kwamba katika miaka hiyo ya kungoja, vivuko vya miguu na njia za pikipiki za vijiji vya juu zitengenezwe kwanza kwa fungu la Chama, kabla ya kitu chochote cha bondeni. Makete nako njia za miguu zilitengenezwa, na haikuwa aibu. Wajumbe wa vyama vya juu katika Kamati walikubali mpango huu, mmoja wao kwa shingo upande, na ameomba neno lake liandikwe katika muhtasari, limeandikwa.

Daftari la mahali pabovu liko mezani mwa Karani wa Chama, karibu na mlango. Kila chama cha msingi kimepewa kurasa zake, na zirudishwe kabla ya tarehe 31 Oktoba. Hoja ya fungu la ziada itasomwa na kupigiwa kura baada ya chakula cha mchana, pamoja na kiwango chake, na wanachama wa vijiji vya juu wataitwa kusema kwanza.