LAKIRI YA KASHA NA AMANA YA MFUNGAJI
(Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama tawini)



Tumeombwa tuseme machache juu ya ukaguzi wa makontena bandarini. Huenda mtu akauliza: mwenye duka wa Sumbawanga ana khabari gani za bandari? Ni kweli kwamba mji ule uko juu ya nyanda za Ufipa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Hakuna mnazi wala ngalawa, na baridi ya mwezi wa Juni humfanya mtu wa visiwani ajifunike mablanketi mawili. Walakini sahani, chupa za chai, madaftari na hayo mablanketi yenyewe yaliyomo dukani mwetu yamepita baharini ndani ya kasha la chuma. Kasha likizuiwa bandarini wiki tatu, rafu za Sumbawanga nazo hukaa tupu wiki tatu.

Mwenye duka mdogo hawezi kujaza kontena la futi 40 peke yake. Hukusanyika watu kumi au kumi na watano, mizigo yao ikachanganywa Dubai au Guangzhou na kufungwa pamoja. Hati ni moja, lakiri ni moja, na mkono unaofunga hatuujui. Mwaka mmoja mwenzetu katika mkusanyo aliandika kwamba ameleta vyombo vya plastiki, na ndani yake alitia simu za mkononi ili akwepe ushuru. Kasha likazuiwa zima. Sisi wengine tuliosema kweli tukalipa gharama za kulaza mzigo kila siku, na madaftari yetu yakafika Sumbawanga shule zimekwisha kufunguliwa. Hatukuwa na wa kumlaumu forodhani. Mkaguzi alifanya kazi yake. Aliyetutia khasarani ni mwenzetu.

Sasa na tutazame dunia. Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001, Marekani iliingiwa na khofu kwamba silaha kubwa yaweza kufichwa ndani ya kontena. Mwaka 2002 ikaanzisha mpango wa kuwaweka maofisa wake wa forodha katika bandari za nje, wakae pamoja na wenyeji wao na kuchagua makasha ya kutiliwa shaka kabla hayajapakiwa melini. Durban iliingia katika mpango huo, na Dubai, na Salalah ya Omani, ambako wengi wenu mna jamaa. Mwenye meli akatakiwa apeleke orodha ya mzigo saa 24 kabla ya kupakia. Tarehe 1 Julai 2004 kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari zikaanza kutumika. Mwaka 2005 Shirika la Forodha Duniani likapitisha utaratibu wa forodha za nchi mbalimbali kupashana khabari na kuheshimiana ukaguzi.

Msidhani kwamba kila kasha hufunguliwa. Bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka 2007 kwamba ifikapo mwaka 2012 kila kontena liendalo nchini mwao lipitishwe kwenye mashine kabla ya kupakiwa. Jambo hilo halikuwezekana, na muda ukasogezwa mara kwa mara. Yafanyikayo ni haya: kwanza husomwa karatasi. Ni nani anayepeleka? Ni nani anayepokea? Mbona mzigo wa thamani ndogo umezungushwa njia ndefu? Mbona uzito haulingani na kilichoandikwa? Kasha lenye shaka hupitishwa kwenye mashine ya mionzi, na likizidi kutia shaka hufunguliwa. Basi msingi wa kazi yote ni karatasi ya kweli. Sisi tuliosoma chuoni hatukushangazwa na hayo, kwani tulifundishwa mapema kwamba jambo la mali liandikwe, na lishuhudiwe.

Hapa yatupasa tuseme neno lenye uchungu. Mwezi wa Agosti 2011 katika bandari ya Unguja zilikamatwa pembe za ndovu 1,041, zimefichwa katika magunia ya dagaa yaliyokuwa yakielekea Malaysia. Mwezi wa Novemba 2013, bandarini hapo hapo, zikakamatwa tena karibu tani tatu chini ya makombe ya pwani. Baina ya hayo mawili, mwezi wa Oktoba 2012, Hong Kong walifungua makontena mawili, moja lililotoka Tanzania na moja Kenya, wakakuta karibu tani nne.

Unguja haina ndovu, wala Pemba. Wataalamu waliopima asili ya pembe zilizokamatwa duniani miaka ile walionyesha kwamba nyingi zilitoka Selous na maeneo ya kusini, kisha Ruaha na Rungwa, yaani nchi iliyo mashariki ya bonde la Ziwa Rukwa, jirani zetu wa Ufipa. Ndovu wa Tanzania waliokadiriwa kuwa kiasi cha 109,000 mwaka 2009 walikutwa kiasi cha 43,000 ilipofika mwaka 2014. Mali ya bara iliibiwa, na jina la visiwa likatumiwa kuwa kifuniko. Aliyetia lakiri juu ya magunia yale aliuza heshima ya kila mfanyabiashara wa haki anayepitisha mzigo Malindi.

Tunalisema hili kwa sababu tuna dai, na mwenye dai sharti awe na mikono safi. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa visiwani wamelalamika kwamba mzigo uliokwisha kukaguliwa na kulipiwa ushuru Unguja hukadiriwa upya ukivuka kwenda Dar es Salaam. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 2014 utaratibu wa himaya moja ya forodha, ambao shabaha yake ni mzigo kukadiriwa mara moja, pale unapoingia. Nasi tulioko barabara ya Tunduma twayaona makontena ya Zambia yakipita chini ya lakiri za elektroniki, ambazo zikivunjwa njiani forodha hupata khabari. Mzigo wa nchi nyingine waaminiwa kutoka Dar es Salaam hata mpakani. Je, mzigo wa Unguja usiaminiwe kuvuka mkono mmoja wa bahari ndani ya jamhuri moja? Marekani na Omani hazina bendera moja, na zimepatana juu ya kasha!

Basi chama chetu na kidai mambo mawili, na kila mwanachama ajidai la tatu. Kwanza, ukaguzi wa Malindi uwe wa mashine inayofanya kazi na maofisa waliofundishwa, na matokeo yake yakubaliwe bara bila ya kukadiria upya. Pili, pembe zikikamatwa, wananchi waambiwe kesi imeishia wapi. Asiishie mahakamani mchukuzi tu huku mwenye mali akilala kwake. Tatu ni letu wenyewe: ukiingia katika mkusanyo, taka kuiona orodha ya wenzako wote kabla kasha halijafungwa, na anayekataa kuionyesha mtoeni. Ni aibu ndogo ya siku moja, na yaokoa mtaji wa watu kumi na wanne.

Mashine itauona mfupa ndani ya gunia. Haitamwona mtu aliyenyamaza akijua. Huyo tutamwona sisi, tukitaka.