Chungu cha Dutumi na mgonjwa wa figo

Mgonjwa wa figo anayerudi Dutumi kutoka hospitali ya Tumbi au Mloganzila mara nyingi huja na agizo: punguza chumvi na potasiamu. Nyumbani anakuta muhogo, kisamvu cha nazi, maharage na ndizi. Vyote vina potasiamu nyingi. Figo dhaifu hushindwa kuitoa, na ikizidi kwenye damu huweza kuusimamisha moyo.

Mpishi anaweza kusaidia sana. Muhogo aumenye, aukate vipande vidogo, auchemshe kwa maji mengi, ayamwage, kisha auivishe kwa maji mapya. Sehemu kubwa ya potasiamu huondoka na maji yale. Kuuchoma hakupunguzi kitu. Kisamvu nacho kichemshwe na kumwagwa maji, ila bila magadi, kwani magadi yana sodiamu kama chumvi. Ladha itoke kwenye limau, tangawizi na kitunguu saumu. Bilimbi hapana, oksaleti yake hudhuru figo.

Kwa sababu ya potasiamu hiyo hiyo, dona tunayoisifu kila siku huipisha sembe kwa mgonjwa huyu. Kiasi cha kila mmoja hutegemea kipimo chake cha damu, basi mtaalamu wa lishe aulizwe kuhusu muhogo huu huu.